Mafuta Hayakai Kisimani

Lugha ya Kiswahili, ilipohitaji jina la shimo linalochimbwa ili kutoa mafuta ardhini, haikwenda mbali kulitafuta. Ilitwaa neno lililokuwa tayari nyumbani: kisima. Neno hilo ni fupi, linatamkika vizuri, na limekubalika kila mahali, toka magazetini hadi bungeni. Kwa bahati mbaya limekuja na picha yake. Kisima akijuacho mwanafunzi wa Makorora ni shimo lenye maji yaliyotuama chini, nalo huteremshiwa ndoo na kuchotwa mpaka maji yaishe. Basi asomapo kwamba Uganda imegundua mapipa bilioni 6.5 ya mafuta katika Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Albert, na kwamba yamekusudiwa kuteremshwa kwa bomba la kilomita 1,443 hadi rasi ya Chongoleani, kaskazini kidogo tu ya mji wake wa Tanga, huona akilini mwake ziwa jeusi lililolala chini ya lile ziwa la maji, likingojea mrija wa kulifyonza.

Na ikiwa shule yake imewahi kumpeleka kuyatazama mapango ya Amboni, picha hiyo huzidi kukomaa. Kumbi zile kubwa za giza, dari zake na nguzo zake, zamfanya aamini kwamba ardhi ina vyumba, na kwamba mafuta nayo yamo katika vyumba vya namna hiyo. Lakini mapango ya Amboni ni kazi ya maji yenye asidi hafifu, yaliyoyeyusha mawe ya chokaa kwa muda mrefu mno. Mafuta ya Ziwa Albert hayamo pangoni, wala gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, haimo pangoni. Vyote viwili vimo ndani ya mwamba wenyewe, katika nafasi zilizo baina ya chembe na chembe za mchanga ulioshikamana. Mtu akikishika mkononi kipande cha mwamba wa aina hiyo ataona jiwe, na kwa jicho tupu hataona tundu lolote.

Huenda mwalimu fulani akasema kwamba kosa hili ni dogo, la kusahihishwa kwa sentensi moja ubaoni. Sivyo. Mwenye picha ya ziwa akilini hudhani kuwa swali la pekee juu ya utajiri wa ardhini ni kujua upo kiasi gani. Hatafikiri kuuliza swali la pili, ambalo ndilo gumu zaidi na ndilo linaloamua bei, mikataba na miaka ya kungoja: je, kilichopo hupita kwa kasi gani kukifikia kisima? Nchi inayojadili mafuta na gesi kwa swali la kwanza peke yake hudanganyika upesi, na aghalabu hujidanganya yenyewe. Somo la mafuta shuleni nalo huwa na haraka ya kuufikia mnara wa kukenekea, petroli ikitoka hapa, mafuta ya taa pale, lami chini kabisa, kana kwamba safari ya mafuta huanzia kwenye matangi. Safari ndefu kupita zote ni ile iliyotangulia, ndani ya jiwe.

Chombo kinachofaa kuanzia somo hilo ni mtungi. Katika nyumba za Makorora, kama penginepo pwani, mtungi wa maji ya kunywa umeshindwa na jokofu, lakini haujasahauliwa, na kila mzee anajua kwamba mtungi mzuri hutoka jasho. Jasho hilo ni maji yaliyopenya ukuta wa udongo uliochomwa. Yakifika nje hugeuka mvuke na kuchukua joto, na ndiyo sababu maji yaliyobaki ndani huwa baridi. Ukuta huo hauna tundu la kuonekana, hata hivyo una njia. Mwanafunzi akipata kigae kikavu cha mtungi uliovunjika, akakipima uzito, akakitumbukiza majini na kuvitazama vipovu vidogo vikipanda, kisha akakipima tena baada ya kukifuta, tofauti ya uzito itampa kiasi cha maji kilichoingia. Hapo atakuwa amepima ujazo wa vinyweleo vya kigae kwa njia isiyo mbali na ile inayotumiwa na wajiolojia kupimia miamba yao.

Jaribio la pili ni la chupa tatu. Zikatwe matako, zigeuzwe midomo chini, kila mdomo ufungwe kwa kitambaa. Ya kwanza itiwe kokoto, ya pili mchanga wa pwani, ya tatu udongo mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri hasa pembezoni, maana maji ni mjanja na hupenda kuambaa na kioo. Vyote vilowanishwe kwanza. Kisha maji yamiminwe juu kwa kimo kilekile, na saa itazamwe. Katika kokoto yatapita mara moja. Katika mchanga mwanafunzi atapata nafasi ya kuandika daftarini. Katika udongo atakwenda nyumbani, atarudi kesho yake, na pengine atakuta matone machache tu.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu asilipite kwa haraka. Wanafunzi wengi watasema kuwa maji hayapiti katika udongo kwa sababu udongo hauna nafasi. Ukweli ni kinyume chake. Udongo mfinyanzi laini, ukilinganishwa na mchanga kwa ujazo uleule, mara nyingi huwa na nafasi nyingi zaidi na hubeba maji mengi zaidi. Kinachoukosesha njia ni udogo wa kila nafasi. Kuwa na nafasi ni jambo moja, na kupitisha ni jambo lingine. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hataelewa habari yoyote ya mafuta wala ya gesi.

Mfaransa Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, alifanya jaribio la namna hii kwa mapipa ya mchanga na kulichapisha mwaka 1856. Alikuta kwamba maji yapitayo huongezeka sawasawa na tofauti ya kimo kati ya juu na chini, na hupungua kadiri tabaka la mchanga linavyozidi kuwa nene. Kilichobaki katika hesabu ni tabia ya mchanga wenyewe, yaani upenyevu wake, na kipimo cha upenyevu hadi leo huitwa darsi kwa heshima yake. Miaka michache kabla yake, tabibu Mfaransa Jean Poiseuille, aliyetaka kujua jinsi damu ipitavyo katika mishipa myembamba, alikuwa amepima mwendo wa maji katika mirija ya kioo. Alipata kanuni ambayo mwanafunzi aliyekwisha kusoma vipeo anaweza kuitumia bila msaada: ujazo upitao kila sekunde hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo cha mrija. Ukipunguza nusukipenyo kwa nusu, kinachopita hakibaki nusu wala robo, bali sehemu moja ya kumi na sita.

Sasa kanuni hiyo ipelekwe kwenye mwamba tope. Jina hili litumike hapa kwa mwamba uliotokana na matope laini ya chini ya bahari au ziwa, yaliyofunikwa na kushindiliwa kwa mamilioni ya miaka hadi yakawa jiwe linalochanika matabaka matabaka kama kurasa za kitabu. Pamoja na matope hayo ilizikwa miili ya vijimea na vijidudu vya majini. Kilomita kadhaa chini ya ardhi, joto liliigeuza miili hiyo kuwa dutu ngumu iitwayo kerojeni, kisha mafuta, na palipo na joto kubwa zaidi, gesi. Mwamba tope ndio jiko la mafuta karibu yote duniani. Ni jiko lenye mlango mwembamba kuliko inavyoweza kufikirika.

Kinyweleo cha mwamba mchanga mzuri kinaweza kuwa na nusukipenyo cha maikromita 10, yaani sehemu kumi za milioni za mita. Katika mwamba tope nanomita 10 ni kadiri ya kawaida, nayo ni pungufu mara elfu. Kwa kanuni ya Poiseuille, mrija mmoja mwembamba kiasi hicho hupitisha kidogo zaidi mara trilioni moja. Lakini mirija myembamba huenea mingi zaidi katika eneo lilelile: kila nusukipenyo kikipungua mara elfu, idadi yaweza kuongezeka mara milioni. Trilioni ikigawanywa kwa milioni hubaki milioni. Basi, mambo mengine yakiwa sawa, mafuta yaliyopita katika mwamba mchanga kwa siku moja yatahitaji siku milioni moja katika mwamba tope, yaani zaidi ya miaka 2,700. Hesabu hii ni ya kukisia, kwa maana vinyweleo vya kweli havikunyooka kama mirija ya kioo, ila vipimo vya maabara huitetea: upenyevu wa mwamba mchanga mzuri husomwa kwa mamia ya milidarsi, na wa mwamba tope kwa mamia ya nanodarsi au chini ya hapo.

Yafaa wanafunzi waachwe kwa muda na jibu hilo la miaka 2,700. Ndani yake mna siri ya visima vyote vya kawaida. Ardhi haikuwa na haraka. Kwa mamilioni ya miaka mafuta yalitambaa kutoka mwamba tope, tone kwa tone, yakapanda kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hata yakaukuta mwamba mchanga wenye kifuniko kisichopenyeka juu yake, yakakusanyika hapo. Mengine hayakukuta kifuniko, yakafika juu. Katika kijiji cha Kibiro, kwenye ufuo wa Ziwa Albert upande wa Uganda, mafuta hutokeza yenyewe juu ya ardhi, na mjiolojia wa serikali ya wakati ule, E. J. Wayland, aliandika habari za matokeo ya namna hiyo mwaka 1925, miaka 81 kabla ya ugunduzi wa kibiashara wa mwaka 2006. Mchimbaji wa kawaida, kwa hiyo, hafanyi kazi ngumu kuliko zote. Huvuna mahali ambapo ardhi imekwisha kukusanya.

Kwa upande wa gesi pana jambo zaidi, na hapa kanuni ya Poiseuille yenyewe huanza kulegea. Mtu apitaye barabara pana ya Ngamiani wakati wa msongamano hugongana na watu wenzake. Aingiapo kichochoro cha upana wa mabega, hugongana na kuta. Molekuli za gesi zina hali hiyohiyo. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, molekuli ya methani husafiri makumi ya nanomita kabla ya kukutana na nyingine. Ndani ya kinyweleo cha nanomita 10 itakuwa imekwisha kuugonga ukuta. Mdenmarki Martin Knudsen alieleza mwendo wa namna hii mwaka 1909, akitumia mirija myembamba na gesi iliyopunguzwa sana. Chini kabisa ya ardhi, penye kanieneo inayozidi ya hewa mara mamia, molekuli husongamana na gesi hukaribia kwenda kama kimiminika. Kisima kikifunguliwa na kanieneo ikashuka, kugonga kuta huongezeka, na gesi hupita kwa wingi zaidi kidogo kuliko Poiseuille angalivyotabiri. Isitoshe, sehemu ya methani huwa imenata juu ya kuta za kerojeni, nayo huachia polepole kanieneo inapopungua. Ni kwa kadiri gani kila moja ya njia hizi huchangia, wanasayansi bado wanabishana, na si vibaya mwanafunzi ajue kwamba wanabishana.

Mmarekani George Mitchell hakungoja ubishi huo uishe. Tangu mwaka 1981 kampuni yake ilichimba mwamba tope uitwao Barnett, karibu na Fort Worth katika jimbo la Texas, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapata njia yenye faida ya kuupasua kwa maji yaliyosukumwa kwa nguvu nyingi, yakiwa na mchanga wa kuzuia nyufa zisifumbe. Baadaye visima vililazwa ndani ya tabaka badala ya kulipita wima. Haifai kudhani kwamba kazi hiyo ilibadili vinyweleo. Vinyweleo vilibaki vilevile, na kilichofupishwa ni safari: badala ya gesi kutambaa mbali sana katika mwamba, hutambaa mita chache tu hadi ufa ulio karibu, na kutoka hapo barabara ni wazi. Lakini gesi iliyo jirani na ufa huisha upesi, na ya mbali huja kwa mwendo wake wa kale. Ndiyo sababu visima vya namna hii hutoa kwa fujo mwanzoni, kisha utoaji wa mwaka wa kwanza hushuka aghalabu kwa zaidi ya nusu, na sharti kisima kingine kichimbwe, na kingine tena.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina miamba tope. Matabaka ya umri wa Karoo, yenye zaidi ya miaka milioni 200, huonekana nyuma ya Mombasa kwenye miamba ya Maji ya Chumvi, na karibu nayo upo mwamba mchanga wa Mazeras unaotandazwa sakafuni na kubandikwa kutani. Miamba ya umri huo huteremka hadi upande wa Tanga. Kuwako kwa mwamba tope si kuwako kwa gesi, na kuwako kwa gesi si kuwako kwa gesi inayotoka. Akija mtu siku moja na ramani yenye rangi nzuri, akisema kwamba chini ya mashamba ya mkonge wa zamani kuna utajiri usio kifani, wananchi wa Tanga watahitaji zaidi ya furaha. Watahitaji kuuliza upenyevu wa mwamba huo, idadi ya visima vitakavyotakiwa kila mwaka, na mahali yatakapotoka mamilioni ya lita za maji ambayo kisima kimoja cha kupasuliwa hunywa, katika mji ambao maji yake ya bomba hutegemea bwawa la Mabayani katika mto Zigi. Huo si uadui kwa maendeleo. Ni maswali ya mtu aliyewahi kuitazama chupa ya udongo mfinyanzi siku nzima.

Maswali ya jamii hiyo yanahitajika hata kwa mafuta yaliyo katika mwamba mchanga. Kati ya yale mapipa bilioni 6.5 ya Ziwa Albert, yanayokadiriwa kuweza kutolewa ni bilioni 1.4. Kwa kila mapipa 100, karibu 78 yatabaki chini. Anayefikiri kwa picha ya ziwa atasema kuna wizi au uzembe. Anayejua vinyweleo atakumbuka kwanza kibatari, ambamo mafuta ya taa hupanda utambi bila kusukumwa na mtu. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayolishikilia tone la mafuta katika kinyweleo, maji yakiwa yamezizunguka chembe za mchanga na kuziba njia. Atakumbuka pia mnato: mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, hata bomba lake likasanifiwa kupashwa moto wa nyuzi 50 za sentigredi njia nzima. Tahadhari hiyohiyo yafaa kwa zile futi za ujazo trilioni 57 za gesi ya Tanzania zinazotajwa mara kwa mara, kwa kuwa ni makadirio ya kilichomo mwambani, na yote hayatatoka.

Walimu wengine hulirusha somo hili kama mpira. Wa Jiografia huona ni la Fizikia, wa Fizikia huona ni la Kemia, na wa Kemia yuko mnarani akikeneka. Wapo pia wasemao kwamba ni la chuo kikuu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa hakuna kilichotajwa hapa kinachozidi vipeo, kugawanya na subira. Kizuizi kikubwa zaidi ni lugha. Mwanafunzi anayekariri jina la kigeni la kinyweleo hupata sauti bila picha, hali neno la Kiswahili humkumbusha ngozi yake mwenyewe itokavyo jasho, na mtungi nao. Mwalimu asione haya kueleza kwa Kiswahili kwanza, hata ikiwa mtihani utakuja kwa Kiingereza.

Kwa mtihani wa darasani swali moja latosha. Bomba la Chongoleani, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 5 Agosti 2017, limekusudiwa kupitisha mapipa 246,000 kwa siku pale litakapofika kilele chake. Kama mapipa bilioni 1.4 yote yangepita humo, yangechukua muda gani? Mwanafunzi mwepesi atagawanya na kuandika siku 5,691, karibu miaka 16, naye apewe alama zake. Mwingine ataandika kwamba kanieneo hushuka kadiri mafuta yatokavyo, kwamba kila kisima kitapunguza mwendo mwaka hadi mwaka, na kwamba kwa hiyo mkia wa hesabu hiyo utakuwa mrefu kuliko miaka 16, ila urefu wake hauwezi kujulikana mpaka mwendo wa visima upimwe. Huyo hakutoa tarakimu yoyote. Apewe alama zaidi ya yule wa kwanza.